Mstari wa Faili Bado Sio Mkulima

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwa vijana wanaojifunza programu hapa Mtwara. Wengi mmenitumia meseji kwamba mlikosa, kwaiyo naiweka yote kama nilivyoongea, slaidi tu ndo nimeziacha.

Wakubwa zangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za asubuhi. Nyuma kule mnanisikia? Haya, tuanze.

Leo nataka tuongelee kitu ambacho darasani kinapewa kipindi kimoja afu watu wanapita. Kusoma data kutoka kwenye faili na kuiweka kwenye arei ya objekti, arei yaani nafasi zilizofuatana kwa namba, objekti yaani kitu ndani ya programu kinachobeba taarifa zake pamoja. Basi, ndo hicho tu. Najua kuna waliokuja wakitegemea niongelee akili bandia, sijawasahau, lakini hata hiyo akili bandia kabla haijafanya lolote kuna mtu alisoma faili, na kama alilisoma vibaya yote yanayofuata ni vibaya. Mimi nimeona programu zenye skrini nzuri kabisa, vitufe vinang'aa, na zinatoa hesabu za uongo kwasababu ya mistari ishirini ya mwanzo ambayo hakuna aliyerudi kuisoma. Hilo linaniuma, na ndo sababu nimesimama hapa.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Msimu wa korosho umeanza, chama cha msingi kinapokea mzigo. Mkulima analeta gunia zake, karani anapima, anaandika namba ya mwanachama, jina, kijiji, kilo, simu, na saa aliyopokelewa. Jioni mfumo unatoa faili la CSV, kila mkulima na mstari wake, katikati ya taarifa na taarifa kuna koma. Wewe umepewa kazi, soma hilo faili, tengeneza orodha ya malipo iende benki. Kilo mara bei, toa makato, umemaliza. Kazi ya jioni moja, sio?

Sasa nawauliza. Ndani ya lile faili kuna wakulima?

Nasikia wengine wanasema ndio. Hamna ndugu zangu, hamna mkulima hata mmoja mle. Hata kilo hamna. Mle kuna herufi tu. Ile 340 unayoiona ni herufi tatu zimesimama pamoja, ya tatu, ya nne, ya sifuri. Chukua lugha ya programu kama Python au Java, soma kilo za mama wa kwanza, 340, soma za mzee wa pili, 120, jumlisha bila kuzigeuza kuwa namba kwanza. Unapata ngapi? Unapata 340120, na kompyuta haikwambii kitu chochote, inakupa hiyo kama jibu halali. Panga wakulima kuanzia wa kilo nyingi, utakuta mwenye kilo 9 yuko juu ya mwenye kilo 1200, maana zinalinganishwa kama maneno kwenye kamusi, herufi ya kwanza na herufi ya kwanza, na tisa inaizidi moja.

Hili wazo la mstari mmoja mtu mmoja ni la zamani sana. Sensa ya Marekani ya 1890 ilihesabiwa kwa mashine za Herman Hollerith, kadi za karatasi zenye matundu, kadi moja mtu mmoja. Kadi yenyewe haikujua kama lile tundu ni umri au ni ndoa, mashine ndo iliyopangwa ijue kwamba tundu la sehemu hii maana yake ni hii. Mpaka leo iko vilevile. Maana haipo kwenye faili, maana iko kwa anayesoma. Na wazo la objekti lenyewe, kwamba data na kazi zake zikae pamoja kama kitu kimoja, lilikuja baadae sana, Oslo, Norway, kina Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard na lugha yao ya Simula 67. Kwaiyo unaposoma faili kuingiza kwenye objekti unavusha kitu. Upande huu ni herufi, upande ule ni Mkulima, ana kilo zinazojumlishika, anaweza kuulizwa malipo yako ni kiasi gani akajibu. Huo uvushaji haufanyiki wenyewe, ni wewe unaufanya, sehemu moja baada ya nyingine.

Jambo la kwanza basi: arei ya wakulima sio wakulima.

Ukiandika kwenye Java kwamba nataka arei ya Mkulima yenye nafasi 500, umepata nini? Umepata nafasi 500 tupu. Kila nafasi ina null, yaani hamna kitu. Wanaotoka kwenye arei za namba wanashangaa hapa, maana arei ya namba ukiitengeneza inakuja na sifuri na unaanza kazi, hii ya objekti ukiigusa kabla hujaweka objekti programu inaanguka. Tony Hoare, aliyeiingiza null kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965, alisimama mbele ya watu London 2009 akaiita kosa lake la dola bilioni moja. Wa lugha ya C++ kwenu ni tofauti, objekti zinaundwa palepale, ila kama hukuzipa thamani za kuanzia, kilo zinaweza kuwa namba yoyote iliyokuwa imelala kwenye kumbukumbu, na kwa mtazamo wangu hiyo ni mbaya zaidi. Bora programu ianguke kuliko iendelee na kilo za kuokota.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri. Kuna kijana nilikaa nae kwenye mazoezi, faili limesomwa, halijaanguka, idadi iko sawa, akasema imekubali. Nikamwambia chapisha majina yote. Akachapisha. Jina moja kutoka juu mpaka chini! Mkulima wa mwisho kwenye faili kajaa kwenye arei nzima, nafasi zote ni yeye. Kwanini? Kwasababu alitengeneza objekti moja ya Mkulima nje ya lupu, yaani nje ya ile sehemu inayorudiwa kwa kila mstari, afu ndani ya lupu akawa anabadilisha jina, anabadilisha kilo, anaiweka kwenye nafasi inayofuata. Arei kwenye Java haibebi mkulima, inabeba anwani ya alipo mkulima, na yeye ameandika anwani ileile kwenye nafasi zote. Kila aliposoma mstari mpya aliwabadilisha wote waliotangulia. Dawa yake ni neno moja tu limehama, ile "new" inayotengeneza objekti mpya iingie ndani ya lupu, kila mstari uzaliwe na objekti yake. Kila mstari na objekti yake. Narudia, kila mstari na objekti yake. Mkishika hilo tu leo mmeshanilipa nauli.

Na angalieni kwamba yule kijana hakukosea idadi. Idadi ilikuwa sahihi kabisa. Ndo maana nasema kuhesabu peke yake hakutoshi, chapisha wa kwanza, chapisha wa katikati, chapisha wa mwisho, uwaone kwa macho.

Jambo la pili: hujui faili ni refu kiasi gani.

Tulisema nafasi 500. Nani alikwambia wakulima ni 500? Mwaka huu labda, mwakani wakijiunga wengine? Arei ya kawaida ukishaitaja ukubwa ndo umemaliza, haiongezeki. Wengine wanasoma faili mara mbili, mara ya kwanza kuhesabu mistari, mara ya pili kujaza, inafanya kazi na sio dhambi. Ila siku hizi kuna orodha zinazokua zenyewe, ArrayList kwenye Java, vector kwenye C++, list kwenye Python, tumia hizo. Kama mwalimu kakulazimisha arei ya kawaida, sawa, tumia arei, lakini weka ulinzi, ikijaa programu iseme imejaa na isimame. Isimame! Isitupe waliobaki kimyakimya.

Mnaona natia chumvi? Uingereza, mwaka 2020, katikati ya korona. Maabara zinapima watu, matokeo yanatumwa kwenye mafaili ya CSV, ofisi ya afya ya umma ya England inayavuta kuyaingiza kwenye Excel, ile programu ya majedwali, kwa muundo wa zamani, ule wa XLS. Muundo ule mwisho wake ni mistari 65,536, haupokei hata mmoja zaidi, na kila mgonjwa alikuwa anachukua mistari kadhaa. Ikajaa. Waliozidi hawakuingia. Kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba wagonjwa 15,841 hawakuonekana kwenye takwimu za taifa. Wenyewe waliambiwa majibu yao, lakini wale waliokaa nao, waliokula nao, waliopanda nao basi, kutafutwa kwao kulichelewa maana majina hayakufika kwa watafutaji. Fikirieni hilo. Faili lilikuwa zima, maabara zilifanya kazi yao, watu walipimwa. Palipovunjika ni pale pa kusoma faili kuingiza kwenye chombo chenye mwisho, bila mtu kuuliza walioingia wangapi na waliokuwepo wangapi.

Na mwisho wa faili nao una mambo yake. Wa C++ wengi mnaandika lupu inayosema, endelea wakati hatujafika mwisho wa faili, mnaita ile eof. Shida ni kwamba faili halijui limefika mwisho mpaka ujaribu kusoma ushindwe. Kwaiyo kama faili linaishia na alama ya mstari mpya pale chini, lupu inazunguka mara moja ya ziada, kusoma kunashindikana, vile vigeu vyako, yaani variable, bado vina data ya mkulima aliyepita, na wewe unamwongeza tena. Mkulima wa mwisho kalipwa mara mbili. Weka kusoma kwenyewe kuwe ndo sharti la lupu, ikisomeka ingia, isiposomeka toka. Wa Java mnaotumia Scanner, kile chombo chake cha kusomea, mkisoma namba afu mkasoma mstari mzima, jina linakuja tupu, kwasababu ile alama ya mwisho wa mstari ilibaki nyuma ya namba. Someni mstari mzima kila mara, muukate vipande wenyewe baadae. Twende.

Jambo la tatu, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye maumivu ya kila siku: faili liliandikwa na watu.

Mnapenda sana ile split, kata kwenye koma, chukua vipande. Inafanya kazi mpaka siku karani kaandika kijiji "Nanguruwe, Mtwara". Koma hiyo. Vipande vimekuwa saba badala ya sita, kilo zimesogea, pale ulipotegemea kilo kuna neno Mtwara. CSV imetumika tangu kompyuta za IBM za miaka ya 1970, lakini maelezo yake ya pamoja, hati inaitwa RFC 4180, yametoka 2005, na yanasema taarifa yenye koma ndani ifungwe kwa alama za kunukuu, na alama ya kunukuu ikiwa ndani iandikwe mara mbili. Split haijui hayo. Python ina moduli ya csv, Java na C++ zina maktaba za watu waliokwisha kuumia kwa niaba yenu, tumieni hizo.

Na sio kila CSV ina koma! Mwenzenu wa Bukavu au Bujumbura ambaye kompyuta yake imepangwa kwa Kifaransa akihifadhi kwenye Excel anakuletea faili lenye nukta mkato, kwasababu kwake koma ni ya desimali, kilo 340 na nusu anaandika 340,5. Faili lake halina kosa lolote, ni wewe hukuuliza.

Simu je? Namba za simu zetu zinaanza na sifuri. Ukiisoma kama namba, ile sifuri ya mbele inapotea, na ukiiandika kwa kuanzia na 255 haiingii hata kwenye int ya Java, ile aina ya namba nzima, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Jiulizeni, kuna siku utajumlisha namba za simu za watu wawili? Hamna. Basi hiyo sio namba, ni stringi, yaani maandishi, hata kama imejaa tarakimu. Namba ya mwanachama hivohivo.

Alafu kuna hii ya kwetu. Ng'apa, kata ya jirani zetu wa Lindi. Karani wa kwanza kaandika kwenye kompyuta, ile alama ya juu imesimama wima. Wa pili kaandika kwenye simu, simu imeipinda yenyewe ikawa ile ya mviringo. Kwa macho yako ni Ng'apa zote, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, kwaiyo ripoti yako ina vijiji viwili, na kila kimoja kina nusu ya kilo. Sisi tunaoandika ng'ombe na ng'ambo kila siku tusipolishughulikia hili nani atatushughulikia? Pale unapojenga objekti, geuza zote ziwe alama moja, futa nafasi za mbele na nyuma ya jina, hapohapo, isisubiri ripoti. Na mkikuta safu ya kwanza inaitwa "namba" lakini programu inakataa kwamba hamna safu ya "namba", angalieni baiti tatu za mwanzo wa faili, EF BB BF, Excel inaziweka ukihifadhi kama CSV ya UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti. Hazionekani lakini zipo.

Mnaweza kusema haya ni ya sisi wanaoanza. Wanasayansi wa jeni, watu wa maabara kubwa za dunia, walikuwa na jeni inaitwa MARCH1 na nyingine SEPT2. Excel ikizisoma inaona tarehe, inageuza kuwa tarehe moja Machi, tarehe mbili Septemba. Onyo la kwanza liliandikwa 2004. Mwaka 2016 watafiti wakapitia makala zilizoambatanisha orodha za jeni kwa Excel, wakakuta karibu moja ya tano zina makosa haya. Moja ya tano! Mwishowe, 2020, kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina, MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT2 ikawa SEPTIN2. Yaani walibadilisha majina ya vitu vilivyomo mwilini mwako kwasababu programu ilikuwa inakisia aina ya data badala ya kuambiwa. Kwaiyo usikisie. Safu hii stringi, hii namba, hii tarehe ya muundo huu, andika kwenye programu waziwazi.

Jambo la nne. Data inaweza kusomeka vizuri, namba ikawa namba, isianguke popote, na bado ikawa uongo.

Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha NASA kinaitwa Mars Climate Orbiter kilifika Mars baada ya safari ya miezi tisa. Hakikuonekana tena. Uchunguzi ukakuta kuna faili. Programu ya mkandarasi, Lockheed Martin, iliandika kwenye faili nguvu za mitambo midogo ya kurekebisha mkao wa chombo kwa vipimo vya Kiingereza, pauni mara sekunde, na waliokuwa wanaongoza safari walilisoma faili hilohilo wakijua ni newtoni mara sekunde. Tofauti ni kama mara 4.45. Kilitakiwa kupita kilomita 226 hivi juu ya Mars, kikashuka mpaka kama 57, ndani ya hewa ya sayari. Kila namba kwenye lile faili ilisomeka. Hamna hata moja iliyokataa kuingia.

Sasa turudi kwetu. Ile safu ya saa ya kupokelewa. Karani kaandika 2:15. Saa ngapi hiyo? Sisi wote humu tunajua ni saa mbili na robo asubuhi, jua limetoka, watu wamepanga foleni. Programu yako inajua ni saa nane na robo ya usiku. Mkaguzi anafungua ripoti anaona korosho zimepokelewa ghalani usiku wa manane, na karani wa watu anaitwa kujieleza kwa jambo ambalo hajalifanya. Objekti ya Mkulima lazima ijue saa hii ni ya namna gani na kilo hizi ni kilo kweli au ni gunia. Jina la safu liseme, na pale inapojengwa ikague, gunia moja la korosho halina kilo elfu nane, saa ya kupokea haiwi katikati ya usiku.

Pale pa kujenga objekti kaa kama karani wa mizani, gunia halipiti kwa kuangaliwa, linapanda juu linapimwa.

Na lisilopita? Hapa ndo nataka mnisikilize kuliko pote. Kuna tabia ya kuzungushia try na catch, yale maneno ya kujaribu na kudaka kosa lisiangushe programu, afu ndani ya catch hamna kitu. Mstari mbovu unarukwa, programu inaendelea, kila mtu anafurahi. Kila mtu isipokuwa yule mama ambaye mstari wake umerukwa, anakaa nyumbani anasubiri hela, wenzake wamelipwa, anaenda ofisini anaambiwa mfumo haukuoni. Mstari uliouruka ni mtu, amebeba gunia kichwani mpaka barabarani. Usimruke! Mstari ukikataa, uandike pembeni, namba ya mstari, maneno yenyewe yalivyokuja, na sababu ya kukataa, kwa Kiswahili ambacho karani atakielewa, sio yale maandishi mekundu ya makosa ya kompyuta. Mwisho programu iseme, mistari iliyosomwa ni hii, wakulima walioingia ni hawa, waliokataliwa ni hawa, na hizo mbili zikijumlishwa zitoe ile ya kwanza. Isipotoa, hakuna faili linaloenda benki.

Na tusome majina kwa macho, jamani, tusiseme imekubali kwasababu tu haijaanguka.

Mbele hapa kuna flashi zenye faili la mazoezi, wakulima wa kubuni, na mistari kadhaa nimeiharibu kwa makusudi, mingine kwa koma, mingine kwa saa, kuna mmoja umekamilika kabisa ila kilo zake haziwezekani. Kaeni wawili wawili, lugha yoyote mnayoipenda. Sitaki skrini nzuri, nataka mniletee zile hesabu tatu na orodha ya waliokataliwa na sababu zao. Kabla hatujaanza, nani ana swali? Dada wa nyuma pale, karibu.